Kabla ya Kuhesabu Wati, Geuza Spika

Twita iliyo mezani kwangu, kispika kidogo cha sauti nyembamba, imetoka kwenye spika ya wati 100. Koili yake, waya mwembamba kama unywele, imekuwa nyeusi tii. Imeunguzwa na amplifaya ya wati 20, na mwenyewe haamini: kidogo kitaunguzaje kikubwa?

Amplifaya ndogo ikilazimishwa kupita uwezo wake, mawimbi ya sauti hukatwa vichwa, yakawa bapa badala ya mviringo. Hapo ndipo muziki unapoanza kukwaruza. Mkato huo huzaa nguvu ya ziada kwenye sauti nyembamba, nazo zote huishia kwenye twita, ambayo huvumilia wati chache tu hata kama spika nzima imeandikwa 100. Kwa spika kama hizo mimi humshauri mtu achukue amplifaya ya wati 80 hadi 150 kwa kila upande, mradi awe na kiasi na volyumu, kuliko ndogo anayoikaba koo kila Jumamosi.

Wati zenyewe ziwe za RMS, yaani zile amplifaya inazozimudu mfululizo. PMPO 5,000 iliyochapwa kwenye boksi, yaani wati za kilele cha kinadharia tu, ipuuze kabisa. Geuza redio, soma inakula umeme kiasi gani ukutani: inayokula wati 60 haiwezi kutoa 5,000. Inaniuma kuona watu wanalipia namba hiyo.

Ukishageuza redio, geuza na spika, usome omu, yaani kipimo cha ukinzani: 8, 6 au 4. Kadiri omu zinavyopungua, ndivyo spika inavyovuta mkondo mwingi zaidi. Spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba upande mmoja huwa omu 4. Mbili za omu 4 huwa 2, na hapo amplifaya nyingi za nyumbani huchemka mpaka transista zinaungua. Kwa hiyo angalia amplifaya imeandikwa inaruhusu omu ngapi kwa uchache, usishuke chini ya hapo. Ukipima spika ya omu 8 kwa mita ikasoma 6 hivi, si mbovu. Mita hupima ukinzani wa waya wa koili tu, na spika inapopiga muziki ukinzani wake hupanda na kushuka kufuata noti.

Kuna namba nyingine ambayo wauzaji hawaitaji: desibeli ambazo spika hutoa kwa wati moja, ukiwa mita moja mbele yake. Ya desibeli 87 huhitaji wati maradufu ili ilingane na ya 90. Vivyo hivyo, kutoka amplifaya ya wati 50 kwenda ya 100 unaongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua kidogo. Fedha hiyo ningeiweka kwenye spika nyepesi kuendesha. Sebuleni, kwa spika mbili za desibeli 90, mazungumzo yakiendelea na muziki ukisikika vizuri, amplifaya hutoa wati moja au pungufu. Zilizobaki ni akiba ya pale ngoma inapopigwa ghafla.