Tukiyaita ‘maji ya kisima’, mbuzi watayanywa

MAJUZI mwanafunzi wangu wa uzamili alibisha hodi ofisini mwangu akiwa amekata tamaa. Anatafsiri ripoti ya mazingira kuhusu mafuta ya Turkana, yaliyogunduliwa katika kisima cha Ngamia 1 mwaka 2012. Istilahi moja tu ilikuwa imemkwamisha: maji yanayopanda juu pamoja na mafuta.

“Prof, nimeandika ‘maji ya kisima’,” akaniambia. “Lakini mama yangu anafuga mbuzi kule Lokichar. Akisikia hivyo, si atawapeleka wakanywe?”

Swali hilo lilinikosesha usingizi. Kwetu, kisima ni mahali pa kukata kiu. Neno lilipopanuliwa kimaana likabeba pia shimo la mafuta, lilikwenda na sifa zake njema.

Je, tufuate Kiingereza kisisisi, tuseme ‘maji yaliyozalishwa’? Hapana, kwa kuwa hakuna aliyeyazalisha. Ni maji yaliyonaswa ndani ya miamba kwa mamilioni ya miaka, yakiyeyusha chochote kilichomo. Hubeba chumvi, matone ya mafuta, benzini inayoweza kusababisha saratani, na mara nyingine radiamu, elementi nururifu ambayo nusu yake huchukua takriban miaka 1,600 kutoweka. Radiamu hiyo huweza kuganda pamoja na bariamu na kuwa ukoko mgumu ndani ya mabomba, mfano wa ule tuuonao ndani ya birika la chai.

Mwenzangu mmoja alipendekeza ‘maji mabaki’. Mabaki, nijuavyo mimi, ni machache kuliko chakula chenyewe. Hapa mambo ni kinyume. Kisima kikizeeka, pipa moja la mafuta huweza kuandamana na mapipa 10 ya maji au zaidi. Neno linalopunguza ukubwa wa tatizo halitusaidii.

Vipi ‘majitaka’? Mkenya akilisikia neno hili huwaza choo na mabwawa ya kusafishia maji ya mji. Mitambo ya aina hiyo hutegemea zaidi bakteria wanaokula uchafu, na bakteria hawali chumvi. Jimbo la Pennsylvania, Marekani, lilijifunza hivyo kwa gharama. Maji ya visima vya gesi yalipelekwa kwenye mitambo ya kusafisha, chumvi ikapita hadi mitoni. Bromidi iliyomo ikikutana na dawa za kuua viini katika mitambo ya maji ya kunywa, huunda kemikali hatari. Mwaka 2011 jimbo liliziomba kampuni ziache kuyapeleka huko.

Basi ‘maji ya chumvi’? Kwanza, chumvi hutofautiana. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35. Maji ya baadhi ya visima hupita gramu 200, na mengine yana chumvi kidogo kuliko bahari. Kila kisima sharti kipimwe. Pili, mfugaji huitafutia mifugo yake chumvi. Tutakuwa tumewaita mbuzi badala ya kuwafukuza.

Hata usimamizi wake unadai maneno makini. Kwanza mafuta hutenganishwa na maji, kwa sababu huelea. Lakini benzini iliyoyeyuka hubaki. Kisha maji mengi hurudishwa ardhini. Yakirudishwa kwenye mwamba wa mafuta, husukuma mafuta yaliyosalia. Yakisukumwa kwa wingi kwenye miamba mingine ya kina, huweza kuamsha nyufa za kale: jimbo la Oklahoma lilitikiswa na tetemeko la kipimo cha 5.8 mnamo Septemba 2016, na wataalamu walilihusisha na maji hayo. Kwa hiyo ‘kuyatupa’ si neno sahihi. Huko chini bado yapo. Kule Nimr, Oman, maji yenye chumvi ya wastani hupitishwa katika mashamba makubwa ya matete, vijidudu vya mizizini vikala mafuta. Chumvi nayo hubaki, na maji huishia kwenye mabwawa ya kukaushia.

Tulikubaliana na kijana kuandika ‘maji yatokayo na mafuta’. Najua wapo watakaoniambia istilahi nzuri ni fupi. Nakubali, ila ufupi usizidi ukweli. Jina hili linataja asili, halipambi wala halitishi, na mama wa Lokichar akilisikia atauliza swali linalofaa: yana nini ndani yake?

Katiba yetu ya 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Haki hizo hukutana barazani, mwananchi anapoombwa maoni. Akipewa neno lisilofaa, atakubali asichokijua. Na mbuzi wake hawasomi ripoti.