Mchezo wa jukwaani uliompeleka mtu lupango

Juzi niliondoka Musoma kwenda Butiama, kwenye Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, pamoja na mshikaji wangu wa Bunda. Tukitazama picha akaninong'oneza: "Hivi hapa wanaweza kucheza mchezo wa shoga?"

Nikacheka. Kwetu sheria inafika hadi kifungo cha maisha, nani atathubutu? Ila ng'ambo ya ziwa letu, Kampala, walithubutu.

Mwaka 2012 walipanda jukwaani na 'The River and the Mountain', mchezo wa mfanyabiashara shoga anayeuawa na wafanyakazi wake mwenyewe. Okuyo Joel Atiku Prynce ndiye aliyekuwa mhusika mkuu. Baraza la Vyombo vya Habari la Uganda lilitaka usionyeshwe kwanza, wao wakaucheza kwenye kumbi ndogo. Mwandaaji wake, Mwingereza David Cecil, akatupwa lupango siku kadhaa. Januari 2013 mahakama ikafuta kesi. Februari akafukuzwa nchini.

Nilimsimulia mshikaji yote hayo. Nikamwambia, mchezo ule haukumfundisha mtu ushoga, uliuliza tu: mtu akiuawa na watu anaokula nao, sisi watazamaji tunasemaje?

Hakujibu. Kwenye daladala ndipo akafungua mdomo: "Bro wangu mzee alimfukuza kwa hayohayo. Mwaka wa tatu huu hatujui anakula wapi."

Siyo siri, sikucheka tena. Tukutane wiki ijayo.