Sanduku la Redio ya Kale na Kioo cha Kugusa

Zamani redio ya sanduku la mbao ilikuwa chombo cha heshima katika nyumba iliyobahatika kuwa nayo. Iliwekwa juu ya meza na kufunikwa kitambaa, na saa ya taarifa ya habari ilipowadia majirani walikuja kuizunguka. Mwaka 1973, katika kampeni ya “Mtu ni Afya”, watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi nchini Tanzania, wakasikiliza masomo ya afya redioni na kuyajadili.

Tudhani kwamba sanduku moja la namna hiyo limesalia katika nyumba fulani ya Chiungutwa, wilayani Masasi. Valvu zake zimekufa na vipuri havipatikani. Je, lichanjwe kuni? La. Fundi aweza kuligeuza liwe sanduku la muziki la kisasa. Ndani huwekwa kompyuta ndogo ya bodi moja, kadi ya kumbukumbu, amplifaya na spika. Mbele huwekwa kioo cha kugusa, na msikilizaji huchagua wimbo kwa kidole. Yaonekana kana kwamba kipya kimekifukuza cha kale. Lakini tukichunguza tutaona kwamba kanuni ile ile ya fizikia ingali inafanya kazi ndani ya sanduku.

Kitufe na kidole

Katika redio ya kale, aliyezungusha kitufe cha kutafutia stesheni alikuwa akizungusha bamba za kapasita. Kapasita ni vipitishi viwili vya umeme vilivyotenganishwa na kihami, kama vile hewa. Bamba zilipoingiliana zaidi, uwezo wa kapasita wa kuhifadhi chaji uliongezeka, na redio ikapokea mawimbi yenye marudio madogo zaidi, yaani mitetemo michache zaidi kwa sekunde. Marudio hayo hupungua kwa kipeuo cha pili cha uwezo wa kapasita: uwezo ukizidishwa mara 4, marudio huwa nusu. Basi ili kutoka kilohezi 1,620 hadi 540 katika mawimbi ya kati, yaani theluthi moja, uwezo wote wa saketi hapana budi uongezeke mara 9.

Sasa tutazame kioo cha kugusa. Chini ya uso wake kuna mistari myembamba ya kipitishi kinachopenyeza mwanga, mingine ya wima na mingine ya mlalo. Kila mistari miwili inapokutana pana kapasita ndogo. Mwili wa binadamu nao hupitisha umeme. Kwa hiyo kidole kikikaribia, uwezo wa kapasita ya mahali hapo hubadilika. Badiliko hilo ni dogo sana, aghalabu halifiki pikofaradi 1, hali kapasita ya redio ya kale iliweza kufikia pikofaradi 500. Hata hivyo saketi hulipima, na kompyuta ikajua mahali palipoguswa. Ndiyo sababu kijiti kikavu hakifanyi kazi juu ya kioo hicho. Mwingereza E. A. Johnson alieleza kioo cha namna hiyo mwaka 1965, wakati redio za valvu zilipokuwa zingali zikisikika majumbani.

Kazi ya mbao

Sanduku si pambo tu. Spika inaposukuma hewa mbele, wakati huo huo huivuta kwa nyuma. Spika isiyo na ubao wa kuizunguka hupoteza sauti nene, kwani mawimbi ya nyuma huzunguka na kuyafuta ya mbele. Ubao huyatenganisha. Kwa hiyo kioo kiwekwe mahali palipokuwa na kipimo cha stesheni, wala ubao unaoshika spika usikatwe ovyo.

Umeme na hatari zake

Mahali pasipo na umeme wa gridi, betri ya jua yatosha. Tuseme vyombo vyote vinatumia wastani wa wati 12. Betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 20 huhifadhi wati-saa 240. Tukitumia nusu tu ili betri idumu, twapata wati-saa 120, yaani saa 10 za muziki.

Lakini tahadhari! Redio ya valvu iliyotumia umeme wa nyumbani huwa na volti 200 na zaidi ndani yake, na kapasita zake kubwa huweza kubaki na chaji hata baada ya waya kuchomolewa. Mwanafunzi asiifungue kamwe bila fundi aliyehitimu. Kadhalika, redio inayofanya kazi bado, au iwezayo kutengenezwa, isivunjwe: hiyo ni kifaa cha kufundishia.

Kiwekwe nini ndani?

Wimbo wa dakika 3 uliobanwa kwa kiasi cha kawaida huchukua megabaiti 3 hivi. Kadi ya gigabaiti 32 basi yaweza kubeba nyimbo zipatazo 10,000. Sanduku la Seeburg la Marekani la mwishoni mwa miaka ya 1940 lilisifiwa kwa kuwa na nyimbo 100 tu.

Nafasi yote hiyo ijazwe nini? Nyimbo za kigeni zapatikana kila mahali. Lakini kanda zilizomo majumbani, zenye ngoma ya sindimba, nyimbo za jando na unyago zinazoruhusiwa kusikiwa na wote, na sauti za wazee waliokwisha kufariki, hazina nakala. Utepe wa kanda huchakaa, na joto na unyevu huuharakisha. Ukiharibika, sauti haitarudi. Shule yaweza kuanza na kanda moja: kwa idhini ya wenyewe, ichezwe, inakiliwe katika kompyuta, na jina la mwimbaji, mahali na mwaka viandikwe. Nakala ya pili ihifadhiwe mbali na ya kwanza.

Hapo sanduku litarejea kazi yake ya awali: kuwakusanya watu wasikilize pamoja. Sanduku laweza kungoja miaka mingine 10, lakini kanda haziwezi.