Hamira Haijui Siasa: Kiti cha Mjuzi Katika Bodi (Sehemu ya Nne)

Mei 2025 serikali ya Kenya ilikodisha viwanda vinne vya sukari vya umma kwa kampuni za kibinafsi kwa muda wa miaka 30. Viwili kati ya hivyo vimo katika ukanda wetu wa miwa: Muhoroni, kilichokwenda kwa West Valley, na Chemelil, kilichokwenda kwa Kibos. Tangu hapo mjadala Kisumu umehusu bei ya tani ya miwa, malimbikizo ya mishahara na madeni ya wakulima, na ni haki iwe hivyo, kwa sababu mkulima hawezi kuambiwa asubiri tena. Lakini ipo mali nyingine iliyobadilisha mikono pamoja na viwanda hivyo ambayo haitajwi sana, nayo ni molasi. Wasomaji waliofuatana nami tangu sehemu ya kwanza wanajua kwamba molasi si taka za sukari bali ni chakula cha hamira, kwamba tani moja ikichachushwa vizuri hutoa takribani lita 250 za ethanoli, na kwamba kiwanda kinachofanya kazi hiyo ni kampuni ya bioteknolojia hata kama bango langoni halisemi hivyo. Leo nawageukia watu wasioonekana karibu na matangi: mwenyekiti, wakurugenzi na mtendaji mkuu. Hoja yangu ni moja. Kampuni inayoishi kwa jasho la viumbe visivyoonekana kwa macho haifai kuongozwa na bodi ambayo ndani yake hamna hata mtu mmoja anayevielewa viumbe hivyo, na ufuo huu wa Kisumu umekwisha kulipia ghali kulipuuza jambo hilo.

Tuanze mbali, kwa asidi ya sitriki, ile inayolipa limau na soda ukali wake. Hadi karne ya ishirini ilipoanza, dunia iliipata kutoka malimau ya Italia. Mwaka 1917 mwanakemia wa Marekani, James Currie, alieleza jinsi kuvu iitwayo Aspergillus niger inavyoweza kulishwa sukari ikatoa asidi hiyo kwa wingi. Kampuni ya Pfizer ilimwajiri, na kufikia 1919 ilikuwa imeanza kuitengeneza Brooklyn bila kutegemea shamba la malimau. Kwa muda wa miaka zaidi ya ishirini wataalamu wake walijifunza kuzifuga kuvu katika matangi marefu yanayopulizwa hewa. Vita Kuu ya Pili ilipozuka na madaktari wakalilia penisilini, dawa hiyo bado ilikuwa ikitengenezwa kidogo kidogo katika vyombo vya kina kifupi. Mwanakemia wa Pfizer, Jasper Kane, alipendekeza ikuzwe katika matangi marefu kama asidi ya sitriki. Pendekezo hilo lilikuwa na hatari mbili. Lingemeza fedha nyingi, na vijimbegu vya kuvu ya penisilini vingeweza kuingia katika matangi ya asidi na kuiharibu biashara iliyokuwa ikiwalisha. Mmoja wa waliokuwa na usemi mkubwa katika uamuzi huo alikuwa John L. Smith, kiongozi wa kampuni aliyeanza kazi kama msaidizi wa maabara. Aliielewa hatari kwa sababu aliijua kuvu, na kwa kuwa aliijua hakuhitaji kutishwa wala kubembelezwa. Mwaka 1943 walinunua kiwanda kikuukuu cha barafu hapo Brooklyn, wakaweka matangi 14, na Machi 1944 kazi ikaanza. Miezi mitatu baadaye majeshi ya Washirika yalipoteremka Normandy, sehemu kubwa ya penisilini waliyobeba ilikuwa imetoka katika matangi hayo.

Nimelisimulia hili kwa kirefu kwa sababu linafundisha kile ambacho ripoti za fedha hazifundishi. Uamuzi ule haukuwa wa maabara peke yake, ulikuwa wa meza ya wakubwa. Maabara ilileta wazo, ila wenye mamlaka ndio waliopaswa kulipima, na kupima kunahitaji kujua. Asiyejua maana haambiwi maana. Wala si hadithi ya mataifa tajiri tu. Mwaka 1978 huko Bangalore, India, mwanamke kijana aliyesomea utengenezaji bia, Kiran Mazumdar, alianzisha Biocon katika gereji kwa kushirikiana na kampuni ya Ireland. Alianza na kimeng'enya cha papai kinacholainisha nyama na kusafisha bia, na kitu kingine kinachotolewa katika kibofu cha hewa cha samaki. Wakazi wa Dunga na Usenge watakielewa mara moja, maana vibofu vya mbuta, ambavyo wavuvi wa upande wa Tanzania huviita mabondo, hununuliwa hapa kwa bei ya juu na kusafirishwa Asia vikiwa vikavu, pasipo sisi kuongeza chochote cha maana. Kutoka papai na samaki Biocon ilipanda hadi insulini. Katika miaka yote hiyo aliyeiongoza alikuwa mtu aliyesomea uchachushaji.

Sasa tuje nyumbani, na tuitazame miaka hiyohiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1970, nje kidogo ya mji wa Kisumu katika barabara ya kwenda Busia, ulianza ujenzi wa kiwanda cha Kenya Chemical and Food Corporation, ambacho kila mtu alikiita kiwanda cha molasi. Serikali ilikuwa na hisa nyingi na wabia wa kigeni wakawa na zilizobaki. Ahadi zilikuwa tamu: ethanoli ya kuchanganya na petroli, hamira ya mkate, siki, na asidi ileile ya sitriki. Gharama zikapanda, mikopo ikaongezeka, na mapema katika miaka ya 1980 kazi ikasimama kabla lita moja haijauzwa. Kwa karibu miongo miwili vyuma vikabaki vinaota kutu. Mwaka 1982 jopo la matumizi ya serikali lililoongozwa na Philip Ndegwa lilionya kuhusu ugonjwa mpana uliokuwa ukiyala mashirika ya umma: serikali kujiingiza katika miradi isiyopimwa vizuri, kisha kubaki na mzigo wa madeni. Robert Ouko, mwana wa eneo hili, alipokuwa Waziri wa Viwanda mwishoni mwa muongo huo alijaribu kuufufua mradi. Februari 1990, akiwa Waziri wa Mambo ya Nje, aliuawa na mwili wake ukapatikana karibu na nyumba yake ya Koru. Mpelelezi John Troon wa Scotland Yard aliutaja mradi wa molasi miongoni mwa mambo yaliyostahili kuchunguzwa kama chanzo cha mauaji. Wapo wasomi waliolipinga wazo hilo, na hadi leo hakuna aliyepatikana na hatia. Sitaongeza uvumi juu ya kaburi. Ninachosema ni kwamba jina la kiwanda likawa jina la msiba na la siasa, na swali la kitaalamu likazikwa chini yake.

Swali lenyewe ni hili. Katika miaka ileile ya mwisho wa 1970, kampuni nyingine, Agro-Chemical and Food Company, ilisajiliwa ili kujenga kiwanda cha ethanoli na hamira Muhoroni, umbali wa saa moja hivi kwa gari. Viwanda viwili, ukanda mmoja wa miwa, na molasi ileile. Tani ya miwa hutoa takriban kilo 40 tu za molasi, kwa hivyo yeyote anayejua hesabu ya uchachushaji angeuliza molasi ya kuvilisha vyote viwili ingetoka wapi, na ng'ombe na wanunuzi wengine wabaki na nini. Angeuliza pia ni busara gani kuanza kwa pamoja na kuvu ya asidi ya sitriki, hamira ya waokaji, hamira ya ethanoli na bakteria wa siki katika nchi isiyokuwa bado na mafundi wa kutosha wa hata kimoja, ilhali kila kiumbe kati ya hivyo ni adui wa mwenziwe kikivuka ukuta. Pfizer waliliogopa jambo hilo wakiwa na uzoefu wa zaidi ya miaka ishirini. Haya ni maswali ya mtu aliyewahi kuona tangi likichacha vibaya, wala hayahitaji profesa. Muhoroni walianza na vichache, ethanoli na hamira, chini ya ubia wa mashirika mawili ya serikali na Mehta Group, familia iliyoijua miwa tangu ilipoanzisha kiwanda cha Lugazi, Uganda, mwaka 1924. Uzalishaji ulianza mwaka 1982, na kuanzia 1983 hadi 1993 ethanoli yao ilichanganywa na petroli ya Kenya. Mpango huo ulikufa kwa sababu ya bei zilizopangwa na serikali, si kwa sababu hamira ilishindwa. Kiwanda cha Kisumu kilingoja hadi mapema miaka ya 2000, kilipochukuliwa na Spectre International, kampuni iliyohusishwa na familia ya Odinga, ndipo kikaanza kutoa ethanoli.

Watanipinga kwa sababu tatu. Wa kwanza watasema bodi si maabara, kazi yake ni fedha, sheria na uangalizi, na mtaalamu aajiriwe chini. Nakubali kwamba mwanasayansi asiyejua kusoma mizania ni hatari kama mhasibu asiyejua hamira, na ndiyo maana siombi bodi nzima ya wanabiolojia. Naomba kiti kimoja au viwili. Mtaalamu aliye chini huripoti kwa mtendaji mkuu, na mtendaji mkuu anayeogopa kazi yake atalainisha habari mbaya kabla haijafika juu. Aliye mezani huuliza moja kwa moja. Wa pili watasema sheria tayari ipo. Ni kweli, mwongozo wa utawala wa mashirika ya umma uliotolewa mwaka 2015, uitwao Mwongozo, unataka bodi ziwe na mchanganyiko wa ujuzi. Hata hivyo, Sheria ya Mashirika ya Serikali kwa miaka mingi imempa rais uteuzi wa mwenyekiti na waziri uteuzi wa wajumbe wengi, na Wakenya wote wanajua kiti cha bodi kimetumika mara ngapi kumfariji mgombea aliyeshindwa uchaguzini. Huo ni wizi hata kama hakuna shilingi iliyotoka kwenye sanduku, kwa sababu unachukua nafasi ya mwenye ujuzi na kumpa mwenye subira ya kisiasa. Wa tatu, na hoja yao ndiyo nzito zaidi, watasema kwamba kukodisha kumemaliza tatizo, kwa kuwa mwekezaji wa kibinafsi hawezi kuchezea fedha zake. Uzoefu wa kiwanda cha Kisumu haumhakikishii mtu jambo hilo. Katikati ya miaka ya 2000 kampuni ya Kanada, Energem, ilinunua sehemu kubwa ya hisa zake, na uamuzi ukawa unafanywa mbali na watu wanaoishi kandokando ya ua wake. Bodi ya kibinafsi inaweza kuwa na ujuzi, lakini hailazimiki kumwambia mkulima wala jirani ni nani aliye na ujuzi huo.

Na jirani anahusika. Kila lita ya ethanoli huacha nyuma lita kumi au zaidi za maji meusi yenye tindikali, na katika ukanda huu maji mengi hushuka na mto Nyando kuelekea Ghuba ya Winam, ambako gugumaji na samaki wanaokosa hewa wanatueleza hali ilivyo. Mwanahamira katika bodi anajua kwamba maji hayo yanaweza kuzalisha gesi ya kupikia na mbolea yakitibiwa, na kwamba yasipotibiwa faida ya kampuni hulipwa na mvuvi. Kwa sasa mikataba ya miaka 30 imetiwa sahihi, na nafasi iliyobaki ni ndogo ingawa ipo. Bodi ya Sukari ya Kenya, serikali ya Kaunti ya Kisumu na wizara zinazohusika ziwatake waliokodishiwa viwanda na kampuni za ethanoli wachapishe majina ya wakurugenzi wao pamoja na elimu na uzoefu wa kila mmoja. Kila kampuni inayochachusha molasi iwe na mjuzi wa uchachushaji mezani, na mwakilishi aliyechaguliwa na wakulima, si aliyeteuliwa kwa niaba yao. Chuo Kikuu cha Maseno kiko hapa, na kituo cha utafiti wa tiba cha KEMRI kiko Kisian, kwa hivyo hakuna atakayesema watu hawapatikani. Mkulima wa Koru, Chemelil, Miwani au Kibigori, utakapoitwa kwenye mkutano ujao wa kueleza mkataba, uliza swali la bei kwanza, kisha uliza nani ameketi kwenye bodi na anajua nini.