Mfupa Uliokufa Hauponi kwa Vidonge

Kidonda cha kwenye muundi kinachofunga na kufunguka tena, mwaka hadi mwaka, si kidonda cha ngozi. Anayekipaka mafuta, anayekifunga bandeji, anayefungua vidonge vya rangi mbili na kukimiminia unga wake, wote wanahangaika na mahali usaha unapotokea tu. Chanzo kimelala ndani zaidi, kwenye mfupa. Madaktari huuita ugonjwa huu osteomielaitisi sugu, yaani maambukizi ya mfupa na uboho wake ambayo yamekwisha kuota mizizi. Kwa sisi tunaotibu mifupa Afrika Mashariki ni mgeni wa kila siku kliniki, na jambo linaloumiza zaidi ni kwamba wengi wanaokuja nao ni watoto ambao miezi michache tu nyuma walikuwa wakikimbia.

Kwa mtoto, mara nyingi ugonjwa huanza bila jeraha la maana. Bakteria, hasa stafilokokasi ambaye huishi puani na kwenye ngozi za watu wengi wenye afya njema, huingia katika damu kupitia jipu, upele uliokunwa au mchubuko mdogo. Damu humchukua hadi karibu na ncha za mifupa mirefu, pale mfupa unapokua, na zaidi maeneo yanayozunguka goti. Mishipa ya hapo ni myembamba na imejipinda, damu hupita polepole, naye hupata nafasi ya kutua na kuzaana. Usaha ukijaa ndani ya mfupa hauna pa kutanukia. Hupenya kwenye vitundu vya mfupa, ukatokea nje na kuubandua utando unaoufunika. Kuanzia hapo mfupa unakosa damu pande zote mbili: mishipa ya ndani imeziba, na utando wa nje uliokuwa ukiulisha umebanduka. Sehemu iliyokosa damu hufa.

Hilo ndilo la kushika kabla ya mengine yote. Dawa, iwe ya kumeza au ya kuchoma, husafiri kwa damu. Pasipofika damu dawa haifiki, hata ingekuwa ya bei kubwa kiasi gani, wala askari wa kinga ya mwili hawafiki. Bakteria waliobaki kwenye kipande hicho hujifunika utando wa ute na kupunguza kasi ya kuzaana, na wengine hujipenyeza kwenye vijia vya mfupa visivyoonekana kwa macho. Viuavijasumu vingi huua zaidi wale wanaogawanyika kwa kasi, hivyo waliotulia huponyoka. Kipande kilichokufa hubaki mwilini kama mwiba uliovunjikia mguuni: unaweza kutuliza uvimbe wake mara kumi, lakini mradi umo, utatunga usaha tena.

Mwili haukai kimya. Utando ule uliobanduka, kama bado uko hai, huanza kujenga mfupa mpya kukizunguka kile kipande kilichokufa. Mfupa huo mpya huacha matundu ambayo usaha hupitia, ukatoboa nyama na ngozi hadi nje. Wakati mwingine kipande cha mfupa hutoka pamoja na usaha. Mama hukiona kwenye bandeji, akakifunga kwenye kitambaa kuja kutuonyesha, na wapo ndugu wanaosema mtoto ametupiwa kitu. Hajatupiwa kitu. Ni mfupa wake mwenyewe, na hatuhitaji kumtafuta wa kulaumiwa kijijini.

Turudi siku zile za kwanza, kwa sababu ndipo ugonjwa huu unapoweza kuzuiwa usiwe sugu. Mtoto anapata homa, anakataa kukanyaga au kutumia mkono, na ukimgusa sehemu moja karibu na kiungo analia. Katika nchi zenye malaria, homa ina jibu lililo tayari, kwa hiyo hupewa dawa ya malaria. Kwa kuwa jana alicheza mpira, mguu hukandwa kwa maji ya moto au kuchuliwa mafuta. Akifikishwa kituo cha afya hupigwa picha ya eksirei, na picha inatoka safi. Hapo ndipo watoto wengi hupotea mikononi mwetu. Mabadiliko ya mfupa hayaonekani kwenye eksirei hadi siku kama 10 hadi 14 zipite, na kufikia wakati huo sehemu ya mfupa huenda imeshakufa. Picha safi katika juma la kwanza haimwondolei mtoto ugonjwa. Kidole cha daktari kinachobonyeza taratibu na kupata mahali penye maumivu makali kina thamani kubwa kuliko picha hiyo. Damu ikapimwe na kuoteshwa maabara, dawa ya mshipani ianze siku hiyohiyo, na kama ultrasaundi inaonyesha usaha, utolewe kwa upasuaji bila kusubiri.

Mwenye selimundu anahitaji jicho la pili. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu, na maumivu ya mifupa ni sehemu ya maisha yao. Chembe za damu zilizopinda huziba mishipa, mfupa ukaumia bila bakteria yeyote, na dalili zikafanana mno na za maambukizi. Lakini mfupa huohuo uliojeruhiwa ni rahisi kushambuliwa, na kwao salmonela huonekana mara nyingi kuliko kwa watu wengine, jambo linalobadilisha uchaguzi wa dawa. Maumivu yaliyong'ang'ania sehemu moja, pamoja na homa isiyoshuka, yasihesabiwe kuwa ni ya kawaida yake.

Kwa watu wazima njia kuu ni nyingine. Bodaboda inaanguka, mfupa wa muundi unachomoza nje ya ngozi, vumbi na vipande vya nguo vinaingia ndani. Mvunjiko wa namna hiyo unahitaji kiuavijasumu mapema kadiri inavyowezekana, ndani ya saa ya kwanza ikiwezekana, kisha usafishwe chumba cha upasuaji na kuondolewa nyama iliyokufa. Kushona ngozi juu ya uchafu ili jeraha lionekane zuri ni kupanda ugonjwa wa miaka. Maambukizi pia huweza kushika vyuma vilivyowekwa kuunga mfupa, kwa kuwa bakteria hujenga utando wao kwenye chuma vilevile kama kwenye mfupa mfu. Na kwa mwenye kisukari, kidonda cha unyayoni ambacho daktari akiingiza kichomeo kisafi anagota mfupa, tayari kinatia shaka kubwa kwamba mfupa umeambukizwa.

Ugonjwa ukishakuwa sugu, kuutambua si kazi ngumu kwa mwenye kuutafuta. Eksirei sasa husema mengi: kipande cheupe kilichojitenga, ganda la mfupa mpya likikizunguka, matundu ya usaha. Blantyre, Malawi, madaktari wa hospitali ya watoto ya Beit CURE walitunga namna ya kuyapanga maumbo haya kwa eksirei peke yake, na nafurahi kusema kwamba mpango huo umefaa mno hospitali zetu nyingi ambazo hazina MRI. Vipimo vya damu vya ESR na CRP husaidia kufuatilia, ila vyaweza kuwa vya kawaida kabisa kwa mtu mwenye usaha mfupani.

Kosa ninaloliona likirudiwa ni kuchukua usaha wa juu ya kidonda kwa pamba, kuupeleka maabara, na kumpa mgonjwa dawa kwa majibu hayo. Mdomo wa kidonda kilichokaa wazi miezi sita hukusanya bakteria wa kila aina, na yule aliye kwenye mfupa huenda si mmoja wao. Sampuli za kuaminika huchukuliwa ndani, wakati wa upasuaji, sehemu kadhaa za mfupa na nyama, kila moja kwa kifaa kisafi na kwenye chupa yake. Mgonjwa ambaye hali yake ni tulivu huachishwa viuavijasumu kama wiki mbili kabla, ili bakteria waote maabara. Kipande kingine kiende kwa mtaalamu wa patholojia, kwa sababu kifua kikuu cha mfupa hujificha ndani ya kundi hili. Huja polepole, hupenda uti wa mgongo, nyonga na goti, na matibabu yake ni ya miezi mingi kwa dawa za kifua kikuu. Atakayekitibu kama maambukizi ya kawaida atampotezea mgonjwa muda ambao uti wa mgongo hauna.

Matibabu ya ugonjwa sugu ni upasuaji kwanza, dawa ya pili. Daktari huondoa kila kilichokufa: mfupa, nyama, kovu, na njia yote ya usaha. Huendelea kuchonga hadi mfupa uliobaki utoe vitone vidogovidogo vya damu, ishara kwamba amefika kwenye ulio hai. Kwa mtoto, hata hivyo, haraka inaweza kuwa na madhara. Ukikitoa kipande mfu kabla ganda jipya halijawa imara, unaweza kuuacha mguu bila mfupa wa kuubeba, hivyo mara nyingi tunasubiri miezi kadhaa huku tukimwaga usaha na kuulinda mguu kwa plasta au nguzo za chuma za nje. Wazazi huona kana kwamba tunawacheleweshea. Tunalinda mfupa ambao mtoto atautembelea maisha yake yote.

Baada ya kuchonga hubaki shimo, na shimo likiachwa tupu hujaa damu na maji ambayo bakteria huyapenda. Hujazwa kwa msuli wa jirani ulio na mishipa yake, au kwa shanga za saruji ya kitabibu iliyochanganywa na jentamisini, zinazotoa dawa palepale kwa kiwango ambacho damu isingeweza kukifikisha, kisha huondolewa baadaye. Mfupa uliopungua sana hurudishwa kwa njia aliyoibuni Gavriil Ilizarov, daktari wa Kurgan huko Siberia, kuanzia miaka ya 1950. Pete za chuma hufungwa mguuni kwa nyaya, mfupa hukatwa sehemu iliyo nzima, kisha kipande chake husogezwa taratibu, milimita 1 kwa siku, kwa kawaida robo milimita mara nne, na mfupa mpya hujijenga nyuma yake. Pengo la sentimita 10 ni siku 100 za kusogeza tu, achilia mbali miezi ya kukomaa. Ni safari ndefu, na familia iambiwe ukweli huo mapema ili ijipange kwa nauli, shule na mtu wa kukaa na mgonjwa.

Dawa hufuata, mara nyingi kwa wiki 6 hivi, ikichaguliwa kwa majibu ya sampuli za ndani. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba lazima iwe ya mshipani. Mwaka 2019 utafiti wa Uingereza ulioitwa OVIVA, uliohusisha watu wazima 1,054 wenye maambukizi ya mifupa na viungo, ulionyesha kwamba dawa ya kumeza iliyochaguliwa vizuri haikuwa duni kuliko ya mshipani. Kwetu hii ni habari kubwa, maana mgonjwa anaweza kwenda nyumbani badala ya kulala wodini wiki sita. Ila isomwe sawasawa: wengi wao walikuwa wamekwisha kufanyiwa upasuaji. Vidonge vya duka la dawa bila upasuaji havimo katika habari hiyo.

Na anayeacha tu? Mfupa uliodhoofika huvunjika kwa kujikwaa. Usaha ukiingia kwenye kiungo, goti au nyonga hukakamaa. Sehemu ya kukua ikiharibiwa, mguu mmoja hubaki mfupi au hupinda. Mwili unaopambana miaka mingi hupungukiwa damu, na kwa baadhi ya watu protini huganda kwenye figo na kuziharibu. Mtoto huacha shule kwa sababu wenzake wanakimbia harufu, na hilo sijaona kipimo chake.

Lililo baya zaidi huja kwa kuchelewa. Njia ya usaha iliyodumu miongo inaweza kugeuka saratani ya ngozi, ambayo imebeba jina la daktari Mfaransa Jean-Nicolas Marjolin. Mtu ameishi na kidonda chake miaka 20 au 30, amekizoea, halafu kinabadilika: maumivu yanaongezeka, harufu inakuwa tofauti, kinavuja damu, kingo zinainuka na kuota nyama. Mabadiliko hayo yanadai kukatwa vipande vidogo vya nyama kutoka sehemu kadhaa za kingo na kupimwa. Ikiwa ni saratani iliyofika mfupani, mara nyingi kilichobaki ni kukata mguu ili kuokoa uhai.

Hata aliyetibiwa vizuri asiambiwe amepona kabisa baada ya mwezi. Ugonjwa huu unaweza kulala miaka na kuamka tena, kwa hiyo kliniki ziendelee, sukari idhibitiwe, sigara iachwe, na chakula kiwe na protini ya kutosha.

Ndugu msomaji, mtoto wako akipata homa na akakataa kukanyaga au kuinua mkono, mpeleke hospitali leo, na picha ikitoka safi uliza kama mfupa wake umebonyezwa na damu yake imepimwa. Na kama nyumbani kwenu yupo mtu mwenye kidonda cha mguuni kinachotoa usaha zaidi ya wiki sita, acheni kununua vidonge. Ombeni eksirei hospitali ya wilaya, kisha barua ya rufaa kwa daktari wa mifupa.