Cheti cha Kufaa Kazi Si Cheti cha Afya

Agosti 1996, Nwankwo Kanu alikuwa ametoka Atlanta na medali ya dhahabu ya Olimpiki. Alikuwa nahodha wa Nigeria, ana miaka 20, na Inter Milan ya Italia ilikuwa imemnunua kutoka Ajax. Kilichobaki kilionekana kidogo: kupimwa afya, kama anavyopimwa kila mchezaji mpya. Madaktari wakakuta kasoro kwenye vali ya moyo wake. Kijana aliyekuwa akikimbia dakika 90 bila shida akaambiwa huenda asicheze tena. Novemba mwaka huo alipasuliwa Cleveland, Marekani. Mwaka 1997 alirudi uwanjani, 1999 akahamia Arsenal, na 2000 akaanzisha taasisi ya kuwasaidia watoto wenye maradhi ya moyo.

Kanu hakwenda kwa daktari kwa sababu anaumwa. Alipimwa kwa sababu mwajiri alitaka apimwe. Vijana wa Kenya, Tanzania na Uganda wanaokwenda kufanya kazi Saudi Arabia, Qatar, Oman au Falme za Kiarabu hupita mlango huohuo. Kinachotofautiana ni kile kinachofuata baada ya majibu. Kanu alikuwa na klabu, madaktari bingwa na fedha za kumfikisha Cleveland. Dada wa kazi za nyumbani aliyefika Riyadh juzi anaweza kupata majibu yake kwa simu ya wakala: "Medikali imekataa. Funga mizigo, kesho unarudi." Ugonjwa gani? Kipimo kipi? Akatibiwe wapi? Simu imekatwa.

Ili kuelewa kwa nini mambo huwa hivyo, ni lazima kujua kipimo hicho kilitengenezwa kwa ajili ya nani.

Anayeomba kazi katika nchi za Ghuba hupimwa mara mbili. Mara ya kwanza ni kabla ya safari, katika kliniki zilizoidhinishwa na Baraza la Afya la nchi hizo kupitia mfumo uitwao Wafid. Anapigwa eksirei ya kifua na kutolewa damu. Mara ya pili ni baada ya kufika, kabla ya kupewa kibali cha ukaazi. Vipimo vinatafuta mambo machache: kifua kikuu (TB), virusi vya UKIMWI (VVU), homa ya ini aina ya B na C, kaswende, na kwa wanawake wa kazi za nyumbani, ujauzito. Presha na sukari huangaliwa, lakini si kwa undani wa daktari anayemfuatilia mgonjwa wake. Saratani ya shingo ya kizazi haitafutwi. Mwishowe linatoka neno moja: anafaa, au hafai.

Kwa maneno mengine, hiki ni kipimo cha nchi inayopokea. Kinajibu swali la afisa wa uhamiaji, na swali la mwenye mwili wake hakina habari nalo. Aliyeambiwa anafaa hajahakikishiwa kuwa mzima, na aliyeambiwa hafai hajaambiwa kuwa hawezi kupona wala kufanya kazi.

Uwanja wa mpira unatoa ushahidi mwingine. Tarehe 12 Juni 2021, Christian Eriksen wa Denmark alianguka uwanjani mjini Copenhagen, moyo wake ukiwa umesimama. Aliokolewa, akapandikizwa kifaa cha kuushtua moyo endapo utasimama tena. Sheria za Italia hazikumruhusu kucheza akiwa na kifaa hicho, hivyo Desemba mwaka huo mkataba wake na klabu yake, Inter Milan, ukavunjwa. Mwezi uliofuata alisajiliwa na Brentford ya Uingereza. Moyo ulikuwa uleule na kifaa kilekile. Kilichobadilika ni kanuni za nchi.

Kifua kikuu kinaonyesha jambo hili vizuri zaidi, kwa sababu Kenya, Tanzania na Uganda zina mzigo mkubwa wa ugonjwa huo. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba karibu robo ya watu wote duniani wamewahi kuambukizwa bakteria wa TB. Wengi hawaugui kamwe. Asilimia 5 hadi 10 ya walioambukizwa ndio huja kuugua maishani mwao. Sasa mtu amesimama mbele ya mashine ya eksirei, amevuta pumzi na kuibana, na picha inaonyesha doa jeupe juu ya pafu la kulia. Linaweza kuwa TB inayowaka. Linaweza pia kuwa kovu la ugonjwa uliopona miaka mingi iliyopita, ambao mwenyewe aliudhani kikohozi cha kawaida. Picha peke yake haiwezi kutenganisha mawili hayo. Kinachoweza kusaidia ni kupima makohozi, kwa mfano kwa mashine ya GeneXpert, ambayo hutoa jibu kwa takriban saa mbili na kuonyesha pia kama vimelea vimeshakuwa sugu kwa dawa ya rifampisini. Kwa mwombaji mpya wa kazi Ghuba, hata kovu lililopona linaweza kumfanya aandikiwe kuwa hafai, bila makohozi yake kupimwa.

Nyumbani, picha hiyohiyo ni mwanzo wa matibabu. Tiba ya kawaida ya TB huchukua miezi sita: dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne. Katika hospitali za umma za Kenya na Tanzania dawa hizo hutolewa bure. Ndani ya wiki chache za mwanzo za tiba sahihi, uwezo wa mgonjwa kuambukiza wengine hushuka sana. Rifampisini hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa. Mgonjwa asiyeelezwa hilo hudhani anatoka damu, na wapo wanaoacha dawa kwa hofu hiyo tu. Kuacha dawa katikati kunaweza kuzaa TB sugu.

Kanuni nazo hubadilika. Mwaka 2016, Falme za Kiarabu ziliamua kwamba mkazi anayehuisha kibali akakutwa na TB asifukuzwe, bali apewe cheti cha mwaka mmoja kwa sharti la kutibiwa. Kwa hiyo mfanyakazi aliyekwishaishi huko hapaswi kukubali kupandishwa ndege kwa neno la wakala kabla ya kuuliza kanuni ya sasa inasemaje.

Homa ya ini aina ya B huwashtua wengi zaidi, kwa kuwa mara nyingi haina dalili yoyote. Mtu ana nguvu, anakula vizuri, kisha damu inasema ana kirusi. Maelezo yake ni rahisi. Chanjo ya homa hii iliingia katika ratiba ya watoto wachanga Kenya mwaka 2001 na Tanzania mwaka 2002, hivyo wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni. Mtoto mchanga anayeambukizwa hubaki na kirusi maisha yake yote katika visa tisa kati ya kumi, ilhali mtu mzima anayeambukizwa mara nyingi hukiondoa mwenyewe. Ndiyo maana aliyegunduliwa leo huenda alikipata siku alipozaliwa, na hakuna sababu ya kuanza kumtuhumu mwenzi wake kwenye simu ya usiku.

Jibu moja la homa ya ini B halitoshi kumaliza habari. Kipimo hurudiwa baada ya miezi sita kuona kama maambukizi ni ya kudumu, kisha hupimwa hali ya ini na wingi wa virusi. Baadhi huanzishiwa dawa kama tenofovia, wengine hufuatiliwa tu. Watu wa nyumbani wapimwe, na wasio na kirusi wachanjwe. Aina ya C ni habari tofauti: dawa za kisasa humponya karibu kila mgonjwa kwa wiki 8 hadi 12.

Kuhusu VVU, pengo kati ya sayansi na uhamiaji ni pana kuliko kwingine kote. Mtu anayetumia dawa za kufubaza virusi hadi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Marekani iliondoa katazo lake kwa wageni wenye VVU mwaka 2010. Nchi nyingi za Ghuba bado humrudisha kwao mfanyakazi aliyekutwa navyo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu UKIMWI inakataza kumlazimisha mtu apimwe ili aajiriwe au asafiri nje ya nchi, lakini nchi inayopokea ina sheria zake, na mwombaji hujikuta katikati. Sheria hiyo ya Kenya, na ile ya Tanzania ya mwaka 2008, zinataka majibu yawe siri ya aliyepimwa. Wakala anayeyatangaza ofisini mbele ya waombaji wengine anavunja sheria. Tena, jibu moja la awali si hitimisho: tangu 2019 WHO inapendekeza vipimo vitatu mfululizo kabla ya kumwambia mtu kwamba ana VVU.

Yapo pia magonjwa ambayo kipimo cha mlangoni hakiyaoni kwa sababu kazi yenyewe ndiyo inayoyaleta. Nepal hupeleka vijana wengi Ghuba na Malaysia, na madaktari wake wa figo wameripoti kuwapokea wanaume wa umri mdogo waliorudi figo zikiwa zimeharibika. Yanayotajwa kuwa sababu ni joto kali, kufanya kazi bila maji ya kutosha, na kumeza dawa za maumivu kama diklofenaki kila siku ili kumaliza zamu. Saudi Arabia hukataza kazi za juani kuanzia saa sita mchana hadi saa tisa, kati ya 15 Juni na 15 Septemba. Qatar, tangu 2021, hukataza kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, kati ya 1 Juni na 15 Septemba. Fundi wa ujenzi anayevimba miguu au kukojoa mkojo mchache wenye povu anahitaji kipimo cha damu cha kreatinini, na anakihitaji haraka.

Ugonjwa ukigundulika mtu akiwa tayari kazini, hofu ya kwanza ni ajira. Hapa sheria ina mengi kuliko wafanyakazi wanavyodhani. Sheria ya kazi ya Saudi Arabia inampa mfanyakazi mgonjwa siku 30 kwa mshahara kamili, siku 60 kwa robo tatu ya mshahara, na siku 30 bila mshahara, na inamkataza mwajiri kumwachisha kazi kwa sababu ya ugonjwa kabla siku hizo hazijaisha. Katika Falme za Kiarabu, aliyemaliza muda wa majaribio ana siku 90: 15 kwa mshahara kamili, 30 kwa nusu, na 45 bila malipo. Wafanyakazi wa nyumbani wako chini ya kanuni zao wenyewe, ambazo huwapa kidogo zaidi. Katika Falme za Kiarabu sheria ya mwaka 2022 inawapa siku 30, nusu yake zikiwa na mshahara. Haki hizi hudaiwa kwa cheti cha daktari wa nchi hiyo. Ujumbe wa WhatsApp kwa bosi hautoshi.

Kwa hiyo karatasi ni kila kitu. Majibu ya maabara, picha ya eksirei, jina la dawa na kipimo chake, tarehe ya kuanza: vyote vipigwe picha na kutumwa kwa mtu mmoja wa kuaminika nyumbani, kwa sababu simu na pasipoti za wafanyakazi wa ndani mara nyingi hukaa mikononi mwa wengine. Mtu huyo mmoja anatosha. Kundi zima la ukoo likijua kabla ya daktari kueleza, mgonjwa atashinda akijibu simu za vilio na za wanaomtajia dawa za mitishamba. Akiwa Oman anaweza kubahatika kukuta daktari au muuguzi anayezungumza Kiswahili, kwa kuwa familia nyingi za huko zina asili ya Zanzibar. Kwingine, aombe mkalimani badala ya kutikisa kichwa kwa asichokielewa. Dawa asiziache hata akiwa anasubiri kurudishwa, na kama atasafiri nazo, zikae kwenye pakiti zake pamoja na cheti cha daktari. Dawa za maumivu kama tramadoli, zilizozoeleka nyumbani, zinadhibitiwa vikali Ghuba, na kukutwa nazo bila kibali kunaweza kumfikisha mtu polisi.

Anayejiandaa kuondoka ana njia nyepesi zaidi: ajipime mwenyewe kwanza, katika hospitali ya umma, kabla ya kulipa ada ya wakala. Apime homa ya ini B na achanjwe kama hana kirusi, apigwe eksirei ya kifua, aangaliwe presha, sukari na figo, na mwanamke achunguzwe shingo ya kizazi. Likionekana jambo, atatibiwa akiwa kwao, kwa lugha yake, na fedha yake bado iko mfukoni.

Na aliyerudishwa asiende kujificha kijijini. Aende kituo cha afya wiki hiyohiyo akiwa na karatasi zake. Kama hakupewa hata moja, amwambie daktari alipimwa nini na wapi, na vipimo virudiwe upya. Wakala aliyepokea majibu anapaswa kuyakabidhi, na mamlaka za ajira za Kenya na Tanzania zinazowapa mawakala leseni ziweke sharti hilo kwenye leseni zenyewe.