Lugha iliyofungwa gerezani sasa yafundishwa duniani

Na Mwandishi Wetu

Miaka kadhaa iliyopita, tamthilia iitwayo Jumong, ambayo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza huko Korea Kusini mwaka 2006, iliingia katika nyumba nyingi za mijini hapa kwetu. Watoto waliitaja njiani wakienda shuleni, akina mama waliacha maharage yaungue jikoni, na akina baba waliojidai kuwa hawana habari nayo walionekana wakiuliza kwa chinichini, “Jana iliishia wapi?”

Wengi waliitazama tamthilia hiyo kwa ajili ya kujiburudisha tu, na hilo si kosa. Lakini ni wachache waliojiuliza Jumong ni nani hasa. Kwa mujibu wa masimulizi ya kale, huyo ndiye mwasisi wa dola ya Goguryeo, aliyeianzisha mwaka 37 kabla ya Kristo katika nchi ambazo leo ni kaskazini ya Korea na kaskazini-mashariki ya China. Na wachache zaidi walijua kwamba juu ya dola hiyo hiyo kulizuka ubishi mkali baina ya mataifa mawili. Mwaka 2002 wanazuoni wa China walianzisha mradi wa utafiti ulioihesabu Goguryeo kuwa sehemu ya historia ya China. Wakorea walighadhibika, na mpaka mwaka 2004 jambo hilo lilikuwa limetoka mikononi mwa walimu wa historia na kufika mezani pa mabalozi.

Hapo, ndugu msomaji, ndipo tunapoona kwamba historia si mchezo wa watu wasio na kazi. Taifa ambalo habari zake hazijulikani nje ya mipaka yake ni kama mwenye shamba asiye na jirani wa kumshuhudia: siku ya kesi husimama peke yake. Wakorea walilijua jambo hilo kwa uchungu, na pengine ndiyo sababu leo taaluma ya lugha, historia na utamaduni wao inafundishwa katika vyuo vikuu vya mabara yote. Safari ya taaluma hiyo imekuwa ndefu.

KARANI ALIYEDAI MSHAHARA

Kitabu cha kwanza kilichowaeleza watu wa Ulaya habari za Korea kwa mapana hakikuandikwa na mwanachuoni, bali na karani wa merikebu. Mwaka 1653 jahazi la Kiholanzi liitwalo Sperwer lilivunjika katika kisiwa cha Jeju. Kati ya mabaharia 64 walinusurika 36, na miongoni mwao alikuwamo Hendrick Hamel, mtunza hesabu. Mfalme wa Korea aliwapokea lakini hakuwaruhusu kuondoka. Hamel alikaa nchini humo miaka 13, hata mwaka 1666 yeye na wenzake saba wakatoroka kwa mashua hadi Nagasaki, Japani.

Hamel aliandika taarifa kwa kampuni iliyomwajiri, akieleza siku zote hizo alikuwa wapi, kwani yeye na wenzake walitaka walipwe mshahara wao wa miaka 13. Taarifa hiyo ilichapwa mwaka 1668, na kwa muda mrefu ndiyo iliyokuwa dirisha la Ulaya la kuitazamia Korea.

Masomo yenyewe ya chuoni yalichelewa sana. Mwaka 1897 Chuo Kikuu cha St. Petersburg, Urusi, kilianza kufundisha Kikorea, na mwalimu alikuwa Mkorea. Mwaka huo huo mmisionari wa Kanada, James Scarth Gale, alichapisha kamusi ya Kikorea na Kiingereza. Lakini kabla mbegu hiyo haijaota vizuri, nchi yenyewe ilinyang’anywa uhuru wake.

KAMUSI IKAWA USHAHIDI WA KOSA

Japani iliitwaa Korea kuwa koloni lake mwaka 1910. Katika miaka ya mwisho ya ukoloni huo, Kikorea kiliondolewa mashuleni na watu wakashurutishwa kuchukua majina ya Kijapani. Wakati huo kikundi cha walimu na wanaisimu, waliojiita Chama cha Lugha ya Kikorea, kilikuwa kikikusanya maneno ya lugha yao ili kutunga kamusi. Walikuwa wakiyakusanya maneno ya wakulima, ya wavuvi na ya mafundi, neno moja moja, kama mtu anayeokota mchele uliomwagika mchangani.

Mwaka 1942 wakoloni waliwakamata. Kosa lao lilikuwa kamusi. Miswada yao ilichukuliwa kuwa ushahidi, na wawili kati yao, Yi Yun-jae na Han Jing, walifia gerezani. Japani iliposhindwa vitani mwaka 1945, wenzao waliotoka kifungoni waliitafuta miswada ile kila mahali. Mwezi Septemba mwaka huo ilipatikana katika bohari ya stesheni ya gari-moshi mjini Seoul. Juzuu ya kwanza ya kamusi ilitoka mwaka 1947, na ya mwisho mwaka 1957.

Lugha waliyoifia ina maandishi ya namna yake. Mfalme Sejong alibuni herufi hizo, ziitwazo Hangul, mwaka 1443, na akazitangaza mwaka 1446 ili mtu wa kawaida, asiyeweza kujifunza maelfu ya alama za Kichina, aweze kuandika maneno ya kinywa chake. Zilikuwa herufi 28. Leo zinatumika 24. Wanafunzi wengi wa nje husema kwamba waliweza kuzisoma kwa siku chache tu, ingawa sarufi yenyewe, hasa maneno ya heshima kwa wakubwa, huwatoa jasho kwa miaka.

VITA VYAFUNGUA MADARASA

Uhuru wa mwaka 1945 ulikuja na msiba mwingine: nchi iligawanywa vipande viwili. Vita vya mwaka 1950 hadi 1953 vikaitangaza Korea duniani kwa damu. Na hapo, kama ilivyo desturi ya mataifa makubwa, masomo yalifuata majeshi. Marekani ilihitaji watu wanaokijua Kikorea. Na upande wa pili, vyuo vikuu vya Prague na Warsaw vilianza kukifundisha, wakati nchi za kijamaa za Ulaya zilipokuwa zikiwalea watoto yatima wa Korea Kaskazini.

Katika Chuo Kikuu cha Harvard, Edward Wagner alianza kufundisha historia ya Korea mwaka 1958. Yeye na mwenzake Mkorea, Song Jun-ho, walitumia miaka mingi kuorodhesha watu zaidi ya 14,000 waliofaulu mitihani mikuu ya serikali ya kifalme kuanzia mwisho wa karne ya 14 hadi mwaka 1894. Kazi hiyo ilionyesha jambo la maana: mitihani iliyosifiwa kuwa mlango wa watu wote wenye akili ilizinufaisha zaidi koo chache zenye nguvu. Hiyo ndiyo faida ya utafiti wa subira. Huonyesha nani hasa alikuwa akila na nani alikuwa akiosha vyombo.

Kati ya mwaka 1966 na 1981 vijana wa Marekani wa kujitolea walipelekwa Korea Kusini. Baadhi yao walirudi kwao wakawa maprofesa. Mmoja wao, Bruce Cumings, alitoa mwaka 1981 kitabu kilichodai kwamba chanzo cha vita vya Korea kilikuwa pia katika mapambano ya Wakorea wenyewe baada ya mwaka 1945, na wala si katika amri za Moscow peke yake. Kitabu hicho kilipigwa marufuku katika Korea Kusini chini ya utawala wa kijeshi wa Chun Doo-hwan, nao wanafunzi wakakisoma kwa siri. Baadaye nyaraka za Kisovieti zilipofunguliwa, wataalamu wengine walimpinga kwa hoja. Lakini mjadala wenyewe uliweza kuanza kwa sababu palikuwa na watu wa nje waliosoma lugha hiyo na kufungua majalada.

MAMA WA MAKTABA YA PARIS

Kama pana mtu mmoja ambaye maisha yake yanaeleza yote haya, basi ni Park Byeong-seon. Mama huyu alizaliwa Korea mwaka 1923, akaenda Ufaransa kusoma mwaka 1955, na mwaka 1967 akaanza kazi katika Maktaba ya Taifa mjini Paris. Humo, miongoni mwa vitabu vilivyosahauliwa, alikuta kitabu cha Kibudha kiitwacho Jikji.

Mwisho wa kitabu hicho pameandikwa kwamba kilichapwa kwa herufi za madini mwaka 1377. Biblia ya Gutenberg, ambayo dunia nzima ilifundishwa kwamba ndiyo mwanzo wa uchapaji wa namna hiyo, ilitoka yapata mwaka 1455. Park alifanya majaribio ya kuchapa ili kuhakikisha kwamba alama zilizomo kitabuni ni za herufi za madini, na mwaka 1972 kitabu hicho kilionyeshwa hadharani mjini Paris. Mwaka 2001 UNESCO ilikitia katika orodha yake ya Kumbukumbu za Dunia.

Hakuishia hapo. Mwaka 1975 aligundua katika ghala la maktaba hiyo, huko Versailles, vitabu vya sherehe na taratibu za ufalme wa Korea, ambavyo askari wa majini wa Ufaransa walivipora katika kisiwa cha Ganghwa mwaka 1866. Baadaye aliacha kazi katika maktaba hiyo, lakini aliendelea kwenda humo kama msomaji na kuviandikia muhtasari, kitabu baada ya kitabu. Mwaka 2011 vitabu 297 vilirudi Seoul, kwa makubaliano ya mkopo unaorefushwa kila baada ya muda. Park Byeong-seon alifariki dunia mwezi Novemba mwaka huo huo. Jikji, iliyonunuliwa na mwanadiplomasia wa Kifaransa na baadaye kufika maktabani kama zawadi mwaka 1950, ingali Paris hadi leo.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Mama huyu alikuwa daftari la taifa lake katika nchi ya watu.

NANI ANALIPA?

Kuanzia miaka ya 1970 taaluma hii ilianza kupata nyumba za kudumu. Chuo Kikuu cha Hawaii kilianzisha kituo chake cha masomo ya Korea mwaka 1972. Wataalamu wa Ulaya waliunda chama chao mwaka 1977. Serikali ya Korea Kusini nayo iliunda Taasisi ya Korea mwaka 1991 ili kugharimia viti vya maprofesa na nafasi za masomo katika vyuo vya nje, na mwaka 2007 shule za lugha zenye jina la Mfalme Sejong zilianza, ya kwanza ikiwa Ulaanbaatar, Mongolia. Sasa ziko zaidi ya 200.

Kisha muziki na filamu vikamaliza kazi. Katika vyuo vya Marekani, wanafunzi wa Kikorea walikuwa 13,936 mwaka 2016. Mwaka 2021 walifika 19,270, wakati jumla ya wanafunzi wa lugha za kigeni ilikuwa imepungua kwa zaidi ya asilimia 16. Mwingereza Deborah Smith, ambaye hakuwa amejua neno la Kikorea mpaka alipokuwa mtu mzima, alisomea London, akatafsiri riwaya ya Han Kang, na mwaka 2016 wote wawili wakagawana tuzo kubwa ya kimataifa. Mwaka 2024 Han Kang alipewa Tuzo ya Nobel.

Lakini yafaa tuulize bila kuoneana haya: je, anayelipa fedha hatachagua pia ya kusemwa? Korea Kaskazini nayo ilijaribu njia yake. Tangu mwaka 1969, kikundi cha kwanza kilipoundwa nchini Mali, ilisaidia vikundi vya kusoma fikra za Juche katika nchi nyingi za Afrika. Vingi vilisoma maneno ya kiongozi kuliko maisha ya wananchi. Na kwa upande wa Kusini, pana hatari kwamba mwanafunzi aliyevutwa na nyimbo ataishia kwenye nyimbo, asifike kwenye kamusi ya mwaka 1942 wala kwenye orodha za Wagner. Taaluma ya kweli hupimwa kwa uwezo wake wa kumwambia mfadhili jambo asilopenda kulisikia.

NA SISI JE?

Msomaji anaweza kusema kwamba hayo ni ya Wakorea. La hasha. Katika Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni, huko Korea Kusini, vijana wa Kikorea wanajifunza Kiswahili, na wamekuwa wakijifunza tangu miaka ya 1980. Miswada mingi ya tenzi zetu, iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu na mababu wa pwani hii, imo katika maktaba ya London. Kamusi yetu ya Kiswahili Sanifu, iliyotungwa na wataalamu wetu wenyewe, ilitoka mwaka 1981, na hakuna aliyefungwa kwa ajili yake. Tumepata kwa salama kile ambacho wengine walikipata kwa roho zao.

Basi jioni moja, televisheni inapozimwa, mzazi na awaulize watoto wake: hawa tunaowatazama kila siku wanajua nini juu yetu, na ni nani aliyewaandikia? Halafu atoe kamusi iliyopo nyumbani, kama ipo, aifute vumbi. Kama haipo, mwisho wa mwezi si mbali.